Mniko na Gari Lililoitwa Lirudi

Ukitaka kumjua Mniko wa Kehancha, usimsalimie, muuzie ng'ombe. Salamu yake ni fupi kama ya mtu yeyote, lakini ng'ombe huyo utamuuza siku nzima. Kwanza atamzunguka bila kusema neno. Kisha atataka atolewe penye tope, maana wapo wachuuzi wanaomfunga mnyama kwenye matope makusudi ili kwato mbovu zisionekane. Atamfungua mdomo atazame meno. Atanusa pumzi yake. Halafu atauliza, kama mtu anayeulizia mvua tu, "Na leo amelamba chumvi?" Hapo ndipo wengi hupepesa macho, kwa sababu ng'ombe aliyelambishwa chumvi hunywa maji mpaka tumbo likajaa, asubuhi sokoni ni mnono, jioni kwako ni mbavu tupu.

Msidhani alizaliwa hivyo. Soko ndilo lililomfundisha, na soko halifundishi kwa upole. Mkewe Jerusha husali akiwa amefumba macho yote mawili. Mniko husali jicho moja likiwa wazi. Siku moja mchungaji alimtania kwa hilo, naye akajibu kwamba Mungu anaona kila kitu, ndiyo, lakini na yeye akimsaidia kidogo si dhambi.

Baba yake alimwachia sheria mbili za biashara. Ya kwanza: ng'ombe unauza, kamba huuzi. Mniko akishauza mnyama humvua kamba yake, na mnunuzi hufunga kwa kamba aliyokuja nayo. Kamba hizo zinaning'inia ukutani jikoni kwa Jerusha, nyeusi kwa moshi. "Kamba ikiwa kwangu," husema, "neno langu bado liko shingoni mwa mnyama. Ukiona kasoro, unajua mlango wa kubisha." Na mnyama anayeletwa na mtu asiyejua kamba yake iko kwa nani, huyo ni wa wizi, na karibu na mpaka hilo halina mzaha.

Sheria ya pili: usinunue ng'ombe aliyerudishwa sokoni. Hata akipendeza vipi. Aliyemrudisha aliona jambo ambalo wewe hujaliona.

Sheria hizo mbili zilikaa kichwani mwake miaka yote bila kugombana, hadi siku gari la Terry lilipoitwa.

Terry ni bintiye wa pekee. Ni muuguzi, anakaa Homa Bay na kila siku ya kazi anaendesha hadi zahanati moja ya Sindo, kando ya ziwa, akihudumia wake wa wavuvi na watoto wao. Mumewe anafanya kazi Nakuru. Gari lake ni dogo, la Kijapani, aina ya Harobi, lililokuja nchini likiwa limeshatumika kama magari mengi ya huku. Jumapili moja alifika Kehancha kuwasalimia wazazi. Alishuka polepole, mkono mmoja kiunoni, kwa kuwa mimba yake ya kwanza ilikuwa imefika pale ambapo tumbo linakaribia kugusa usukani. Mniko aliliona hilo kabla ya kuona kingine chochote, akafurahi moyoni na usoni asionyeshe.

"Tata," Terry alimwambia baba yake baada ya chai, "nimepigiwa simu na msichana anaitwa Sheila. Anasema ni wa wale wakala wa Harobi. Kampuni inayaita magari yake yarudi."

"Yarudi wapi?"

"Gereji. Kuna ule mfuko wa hewa ndani ya usukani, ule wa kufutuka ukigonga ili usiumie. Kifaa cha kuufutua kimegundulika kibovu. Kikikaa kwenye joto na unyevu miaka mingi, siku ya ajali kinapasuka, vipande vya chuma vinamrukia dereva. Watakuja Homa Bay kubadilisha. Bure."

Mniko aliweka kikombe chini. "Rudia hilo la mwisho."

"Bure."

"Jerusha!" aliita kuelekea jikoni. "Njoo usikie! Kuna mtu anataka kumtengenezea mtoto wako gari bure!"

"Nimesikia," Jerusha alijibu kutoka huko. "Mimi si kiziwi."

"Namba yako aliitoa wapi?"

Terry alifikiri. "Labda Kisumu. Mwaka jana nilipeleka kwao lifanyiwe huduma, wakaandika na namba ya chesi."

"Labda! Sikiliza mama, nikuambie watakachofanya. Watafungua usukani, watoe kile cha asili, wauze, wakuwekee bati. Na hata kama ni wa kweli, ni vibaya zaidi. Kampuni iliyoita gari lake imekiri kwamba liliuzwa na ugonjwa. Sasa ni leo wamegundua usukani. Kesho watagundua nini? Usipeleke. Na huyo Sheila akipiga tena, mwambie azungumze na mimi."

Terry alitaka kubishana, lakini nusu ya gari lile ilitoka kwenye mafahali wa baba yake, na mtu haondoki kirahisi kwenye neno la namna hiyo. Alirudi Homa Bay na usukani uleule mbele ya tumbo lake. Mniko alisimama njiani akilitazama gari likipungua, na kwa mara ya kwanza akajikuta anasikiliza mlio wake kama anavyosikiliza kikohozi cha ndama.

Hakulala vizuri. Kukicha alikwenda Migori mjini kwa rafiki yake Osoro, Mkisii, shemasi wa Sabato, muuza mabati na misumari. Osoro anamiliki gari aina ya Monzuka na hulisifu kuliko anavyosifu kwaya ya kanisa lake. Mniko alimweleza yote.

"Harobi?" Osoro alicheka hadi miwani ikateleza. "Pole sana, ndugu yangu. Hebu ngoja." Akatoa simu, akaanza kutafuta na kusoma kwa sauti, wateja wakisubiri misumari yao. Harobi waliita magari kwa sababu ya breki. Harobi tena, mikanda ya kiti. Harobi tena, pampu ya mafuta. Harobi tena, huo mfuko wa hewa, nchi baada ya nchi. Akatafuta kampuni nyingine: hao waliita mara moja moja. "Sasa tazama Monzuka." Akasogeza simu karibu na pua ya Mniko. "Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Ndiyo hicho! Hakuna! Hawajawahi kuita hata kigari kimoja. Gari langu halijawahi kuitwa na mtu, isipokuwa mke wangu akitaka lipelekwe sokoni."

Mniko alilinganisha moyoni. Upande huu, ng'ombe anayerudishwa sokoni kila msimu. Upande ule, ng'ombe ambaye tangu auzwe hakuna aliyelalamika. Hesabu ilikuwa nyepesi mno. Hesabu nyepesi kwa kawaida ndiyo humtia wasiwasi, lakini siku hiyo hofu ilimtangulia.

"Nani anauza Monzuka?"

"Nenda Awendo, kwa Obare. Anabadilishana pia. Unampa lako, anakupa lake, mnamalizana."

Mniko alimpigia Obare hapohapo. Sauti upande wa pili ilikuwa ya kirafiki kupita kiasi. Ndiyo, Monzuka ipo. Ndiyo, Harobi atalipokea, na aje haraka, hata kesho. Mniko akampigia Terry, akamwambia achukue ruhusa kazini, alete gari Awendo.

Jioni alimsimulia Jerusha, akitarajia asifiwe. Jerusha alikuwa anasonga ugali, hakugeuka.

"Baba Terry, unamkumbuka yule mtamba uliyemuuza Ntimaru?"

"Yupi?"

"Yule mwekundu. Ulimuuza, akaenda, kamba ikabaki hapo ukutani. Halafu ukasikia boma alilotoka lina ugonjwa wa mapele. Ulifanya nini?"

"Nilikwenda kumrudisha, ningefanya nini? Nikampa mnunuzi ng'ombe mwingine."

"Kwa miguu, na mvua ile. Watu walisema Mniko anauza ng'ombe wagonjwa?"

Mniko alivuta kigoda, akaketi.

"Walisema ukinunua kwa Mniko unalala. Sasa hawa wa Harobi wamekuja kwa miguu kwenye mvua, wewe unawafungia mlango. Na yule mwingine aliyenyamaza unamwita mwema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini hapa kifo kitaanzia kwa mtoto wangu, si kwa mwenye kampuni."

"Gari si ng'ombe," alisema Mniko.

"Haya. Na ni nani kutwa nzima amekuwa akisema amerudishwa, amerudishwa?" Aligeuza ugali kwenye sahani kwa pigo moja, na maneno yakaishia hapo. Mniko alikula akitazama ukuta wa kamba. Alikasirika, kwa sababu mkewe alikuwa amemchukulia ng'ombe wake mwenyewe akampiga naye.

Kesho yake Mniko aliikuta Awendo na harufu yake ya miwa iliyochemshwa, na malori ya miwa yamepanga foleni kuelekea kiwandani. Uwanja wa Obare ulikuwa nyuma ya duka la mbolea. Obare mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Terry alikuwa ametangulia, amekaa kwenye kivuli akijipepea kwa bahasha.

"Jaduong', karibu sana," Obare alimwamkia kwa heshima ya Kijaluo. "Na nyar wuora pale, dada yangu, karibu. Monzuka ndiyo ile. Nyeupe. Safi kama malaika."

Mniko alianza kazi yake. Alizunguka gari. Aliomba litolewe kwenye majani marefu atazame matairi. Alifungua boneti akanusa. Alipiga milango kwa kiganja kama anayepima ubavu. Madereva wa miwa walianza kucheka.

"Mzee, mtazame na meno!" mmoja alipaza sauti.

"Muulize kama amelamba chumvi!" mwingine akadakia; naye kumbe alikuwa wa Kehancha.

Mniko hakuwajali. Gari halikuwa na kosa aliloweza kuliona, na hilo lilimsumbua. Akamgeukia Obare.

"Hili halijawahi kuitwa?"

"Hata siku moja, jaduong'."

"Sawa. Likiwa na ugonjwa, nani ataliita?"

Kicheko cha Obare kilichelewa kidogo. "Kuita vipi?"

"Kampuni yake. Wakigundua kule kwao kwamba kitu fulani kibovu. Watampigia nani? Wana mlango gani hapa Kenya nibishe?"

"Monzuka hawana ofisi hapa. Haya yanaletwa na watu tu."

"Watu gani?"

"Huyu aliyeleta hili alikuwa Mombasa. Alifunga yadi yake. Mimi nililipata kwa mtu aliyelipata kwa mtu." Obare alishusha sauti, akamshika mkono. "Jaduong', unauliza maswali ya kuliombea matanga gari zima. Halijaitwa! Si ndilo ulilotaka?"

Mniko alitoa mkono wake taratibu. Maneno ya Obare yalikuwa yamemwingia mahali pa zamani. Nililipata kwa mtu aliyelipata kwa mtu. Angekuwa ng'ombe, Mniko angeshakuwa nusu ya njia kwenda kwa chifu. Gari lile halikuitwa kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeshika kamba yake. Kule kwao huenda lilikuwa limeitwa hadi waitaji wakakauka koo, na sauti ikaishia baharini.

Akauliza swali moja la mwisho, kwa ile sauti yake ya kuulizia mvua. "Na hili la binti yangu, unajua lina kosa kwenye usukani. Mbona unalitaka haraka hivyo?"

"Ah, hiyo si shida yako. Nitaliuza mbali. Huko nani atajua liliitwa?"

Terry aliacha kujipepea. Mniko alimtazama bintiye, akalitazama tumbo lake, kisha akamtazama tena Obare, na mbele ya macho yake akamwona binti wa mtu mwingine, mbali huko, anaketi nyuma ya usukani uleule, baba yake akipunga mkono njiani.

"Terry, mama, chukua ufunguo wako. Twende."

"Jaduong'! Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana nije nitazame. Nimetazama."

"Basi nenda na bomu lako!" Obare alimpigia kelele mgongoni, heshima yote imemwishia. "Likilipuka usije kulia hapa!"

Mniko alifika kwenye gari, akamzuia Terry mlangoni. "Si wewe." Akaenda hadi kwa yule dereva wa Kehancha aliyemcheka, akamwomba aliendeshe gari hadi Homa Bay, polepole kama anayebeba mayai. Dereva alitazama foleni ya kiwanda, akaona haisogei, akamwachia mwenzake lori. Alipokwisha kuelezwa hatari iliyomo alijikuna kichwa, akasema yeye tumbo lake ni la ugali tu, acha aketi yeye. Terry na baba yake wakafuata kwa gari jingine.

Msidhani kwamba Mniko sasa alikuwa amemwamini Sheila. Hata kidogo! Simu za msichana huyo aliziacha zilie. Badala yake alimpigia Osoro, ambaye lori lake la mabati lilikuwa Kisumu siku hiyo, akamwomba amwambie dereva wake asome namba ya simu iliyopakwa rangi kwenye ukuta wa wakala wa Harobi. Osoro alicheka tena, lakini namba ikaja. Mniko akaipiga.

"Hapo mna mtu anaitwa Sheila?"

"Ndiyo, mzee. Yuko Homa Bay wiki hii."

"Mrefu au mfupi?"

"Mzee, ni… wa wastani. Ana pengo mbele."

Kwa hiyo walipofika katika uwanja wa Homa Bay ambamo gari la wakala lilikuwa limeegeshwa, na msichana mwenye ovaroli ya buluu akatoka kuwalaki, Mniko hakutoa mkono kwanza. Alitazama meno.

"Wewe ndiwe Sheila?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo. Nimepiga simu mpaka nikachoka."

"Marahaba. Pengo ninaliona." Akavuta kiti cha plastiki, akakiweka hatua chache kutoka mlango wa dereva. "Endelea. Mimi nitakuwa hapa."

"Baba, tafadhali kaa pale kwenye kivuli. Hiki kitu si cha kukaribia."

"Wewe utakikaribia?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Basi nami nitakaribia."

Sheila alimtazama Terry. Terry akainua mabega. Wakaelewana: kiti kilisogezwa nyuma, lakini si mahali ambapo jicho la Mniko lingekosa kitu. Sheila alilinganisha namba ya chesi na ya kwenye kompyuta yake, akachomoa waya wa betri, kisha akakaa tu.

"Mbona hufanyi kitu?" Mniko aliuliza.

"Nangoja umeme uliobaki uishe. Ukikimbilia, unafutuka usoni."

Hilo lilimpendeza, ingawa hakusema. Mtu mwizi huwa na haraka. Baadaye Sheila alifungua katikati ya usukani, akautoa mfuko polepole akiushika mbali na uso wake, akageuza upande wa nyuma, akakifungua kile kifaa kibovu cha kuufutua. Akachukua boksi lililofungwa lenye kingine kipya, akamwonyesha Mniko kabla ya kulikata. Mniko alikagua gundi ya boksi kwa kidole kwanza. Kipya kikaingia, waya zikarudi, taa ndogo kwenye dashibodi ikawaka na kuzimika kama inavyotakiwa.

"Tumemaliza, mama," Sheila alimwambia Terry. "Endesha kwa amani."

Mniko aliinuka, akanyoosha kiganja. "Nipe kile cha zamani."

"Hicho sikupi, baba."

Ndicho Mniko alichokisema tangu mwanzo! Wanatoa cha asili, wanaondoka nacho. "Kwa nini? Gari ni la binti yangu. Kila kilichomo ni chake."

"Gari ni lake. Hiki si chake tena." Sheila alikuwa amekiweka kwenye sanduku la chuma, akakiandikia namba ya gari juu. "Kikibaki kwenu, mtoto atakichezea, au mtu wa vyuma chakavu atakinunua, kiingie kwenye gari la mtu mwingine. Kampuni ndiyo iliyokitengeneza kikiwa kibovu. Lazima kirudi kwake, kila kimoja kwa namba yake. Nikirudi bila hiki, mimi ndiye nitakayeulizwa kiko wapi."

Mniko alibaki na kiganja chake hewani. Alilitazama lile sanduku, na vyuma vingine vilivyopangwa ndani, kila kimoja na karatasi yake, gari la fulani na gari la fulani. Alivitazama muda mrefu hivi kwamba Terry alidhani ugomvi unakuja. Kumbe mzee alikuwa jikoni kwake, mbele ya ukuta mweusi kwa moshi.

Akashusha mkono.

"Sawa," alisema. "Kamba ni ya muuzaji."

"Unasema, baba?"

"Ni habari za ng'ombe. Binti yangu atakueleza."

Terry aliingia kwenye gari, akarudisha kiti nyuma kidogo kumpisha mtoto, akawasha. Mniko alizunguka gari mara moja, akapiga bati la mlango kwa kiganja, kisha, kabla hajaketi kando yake, akamrudia Sheila aliyekuwa ananawa mikono.

"Na kama mtagundua kwamba hiki kipya nacho ni kibovu?"

"Tutawapigia, baba."

"Pigeni," alisema Mniko. "Lakini pigeni kwa ile namba ya ukutani. Hiyo yako mimi siijui."